Je, mzee bado anafaa kushika usukani?

UMEWAHI kuketi kando ya mzazi wako akiendesha gari, mara ukajikuta unakanyaga sakafu kwa nguvu ukitafuta breki ambayo haipo? Kama hujawahi, msomaji, subiri. Siku hiyo yaja.

Mimi ilinifikia mwaka jana kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kuja Nairobi. Baba alikuwa usukanini, nami nimeketi kushoto kwake katika Peugeot 504 ambayo imekula chumvi kuniliko. Karibu na Gilgil aliupita mkokoteni wa punda kwa karibu mno hata kioo cha upande wangu kikaparuza magunia ya kabeji.

"Baba, mkokoteni!" nilipiga kelele.

"Mkokoteni upi?" akauliza, macho yake mbele, sauti yake tulivu kabisa.

Hakuwa akifanya mzaha. Hakuwa ameuona.

Jioni hiyo nililizunguka gari lile nikiwa na tochi. Upande wa kulia ulikuwa safi. Upande wa kushoto ulijaa mikwaruzo kutoka madigadi ya mbele hadi mlango wa nyuma, na kioo cha pembeni kilikuwa kimefungwa kwa ukanda wa mpira. Nilipompigia mama simu alininong'onezea kwamba tangu baba atoke hospitalini alikuwa ameigonga nguzo ya lango mara tatu. Nguzo ileile. Ya kushoto.

Miezi mitano kabla ya safari hiyo baba alikuwa amepatwa na kiharusi kidogo. Mkono wake wa kushoto ulilegea kwa majuma kadhaa kisha ukarudi. Anatembea, anatania wajukuu, na ukimrudishia chenji pungufu atakwambia hata kabla hujafunga mfuko. Sasa nani atamwambia mtu kama huyo kwamba hafai kuendesha gari? Na je, mama, ambaye kila mwezi humpeleka kliniki ya shinikizo la damu, apande bodaboda akiwa na miaka 70?

Nyumba nyingi zikifika hapa huchukua mojawapo ya njia mbili. Ama watu hunyamaza wakimwachia Mungu, ama wana wa kiume hukutana siku ya Jumapili, wanakunywa chai, kisha wanaficha ufunguo. Njia ya kwanza inaweza kuua. Ya pili humvunja mzee moyo, na ubaya wake ni kwamba hakuna aliyempima. Wamemhukumu kwa mvi zake.

Kupimwa ndiyo njia ya tatu, na ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika makala haya.

HUPIMWA NINI?

Katika nchi kadhaa kazi hii ina wenyewe. Marekani, wataalamu wanaowarejesha watu barabarani baada ya ugonjwa au ajali wana chama chao tangu mwaka 1977, kiitwacho ADED. Wengi wao ni wale wataalamu wa hospitali ambao humfunza mgonjwa upya kuvaa shati, kupika na kuandika. Kwao, kuendesha gari ni shughuli nyingine ya kila siku inayoweza kuchunguzwa hatua kwa hatua. Uingereza nayo ina vituo vya aina hiyo, ambako dereva anaweza kwenda mwenyewe au akatumwa na daktari au na idara ya leseni.

Uchunguzi huwa na sehemu mbili. Ya kwanza hufanyiwa ndani, mezani. Mtaalamu huuliza kuhusu maradhi na dawa zote, hata zile za mafua zinazoleta usingizi. Hupima macho, na si kusoma herufi za ukutani pekee. Huangalia unaona kwa upana gani pande zote mbili bila kugeuza kichwa, na macho yako huchukua muda gani kurudi sawa baada ya kumulikwa na taa kali. Hukuambia ugeuze shingo. Hupima nguvu za miguu, na kasi ya kuinua mguu kutoka kwenye mafuta hadi kwenye breki. Kisha huja majaribio ya akili ambayo mtu asiyejua angedhani ni michezo ya watoto wa nasari: kuunganisha tarakimu na herufi kwa zamu, kutafuta alama fulani katikati ya nyingine nyingi, kuchora saa.

Sehemu ya pili ni barabarani, katika gari lenye breki ya ziada upande wa mkufunzi. Huanzia mahali patulivu, kisha mzunguko, makutano yenye taa, na msongamano. Mkufunzi haangalii tu kama umekosea. Anatafuta ni kosa la namna gani. Kuna kosa la mazoea mabaya, ambalo hata kijana wa miaka 25 analo, na kuna kosa la mwili au ubongo ulioshindwa kufanya kazi.

Jibu nalo si ndiyo au la pekee. Mtu anaweza kuambiwa aendelee, au aendelee mchana tu na karibu na nyumbani, au abadilishe miwani, au ahamie gari la otomatiki, au apate mafunzo na kurudi baada ya miezi michache. Na wapo wanaoambiwa waache kabisa.

Hebu tusahihishe kosa moja la watu wengi. Umri peke yake si kipimo. Wazee wengi huendesha polepole, hawanywi pombe wakashika usukani na hawashindani na matatu. Taabu yao aghalabu huwa kwenye makutano, hasa wakati wa kukata kona ya kulia mbele ya magari yanayokuja, kwa sababu hapo mtu anatakiwa kukadiria kasi, kugeuza shingo na kuamua, yote kwa pamoja. Taa za usiku pia huwasumbua wenye mtoto wa jicho.

Japani, nchi yenye wazee wengi sana, iliamua mwaka 2009 kwamba dereva aliyetimu miaka 75 apimwe kumbukumbu na ufahamu kabla ya kupewa leseni upya. Hata hivyo, Aprili 2019 mzee wa miaka 87 aliua mama na bintiye mdogo mtaani Ikebukuro, jijini Tokyo, alipokanyaga mafuta badala ya breki. Tangu mwaka 2022, wenye miaka 75 na zaidi waliovunja sheria fulani za barabarani hulazimika kufanyiwa mtihani wa kuendesha gari.

SAA ILIYOLIWA

Hapa kwetu sikupata kituo chenye kibao cha "tunapima madereva wazee". Nilichopata ni mtaalamu wa kike katika hospitali moja, mmoja wa hao wanaofunza waliopata kiharusi, ambaye alikubali kumwona baba. Nilimdanganya mzee kidogo. Nilisema ni kliniki ya mkono.

Alipewa karatasi tupu na kalamu, akaombwa achore saa ya ukutani. Baba alikuwa karani miaka mingi, mwandiko wake ni wa kujivunia. Alichora duara zuri, akaanza kuandika tarakimu. Alipomaliza nilihisi tumbo limekuwa baridi. Tarakimu zote 12 zilikuwa zimesongamana upande wa kulia, kama abiria walioambiwa na makanga wasogee huko. Upande wa kushoto ulikuwa mweupe.

"Umeridhika nayo, mzee?" mtaalamu aliuliza kwa upole.

"Kabisa, daktari."

Mama yule aliweka kidole kwenye ukingo wa kushoto wa karatasi, akamwomba ageuze kichwa mpaka akione kidole chake. Baba alitazama kwa muda mrefu.

"Nani amekula saa yangu?" akasema hatimaye.

Tulielezwa kwamba macho ya baba yenyewe hayakuwa na kasoro kubwa. Kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo, mtu anaweza kuacha kuujali upande wa kushoto wa dunia, na balaa ni kwamba hajui kwamba hajui. Ndiyo maana anabisha kwa moyo safi. Hali hiyo mara nyingi hupungua kadiri miezi inavyopita, na mazoezi husaidia, lakini ikingali ipo mtu huyo hapaswi kuendesha.

Huko nje, kwenye maegesho, baba alisimama muda bila kufungua mlango.

"Ule mkokoteni wa Gilgil," aliniuliza, "ulikuwa na watu?"

"Kijana mmoja, baba. Alikuwa ameketi juu ya magunia."

Alinipa ufunguo. Hakusema neno tena mpaka tulipofika nyumbani.

WANAOANZIA UPANDE WA PILI

Sasa geuza sarafu. Ikiwa wazee hudhaniwa wanafaa mpaka wagonge, watu wenye ulemavu hudhaniwa hawafai hata kabla ya kujaribu.

Jirani yangu mmoja Buruburu ni mwalimu. Polio ilimshika miguu yote miwili akiwa mtoto, na hutembea kwa magongo. Kwa miaka mingi aliamka saa kumi alfajiri ili apate matatu kabla ya vurumai, maana baadaye makanga humwona na kupiga bati dereva aondoe gari. Alipopata mkopo wa gari alikwenda shule ya udereva, ambayo jina lake nalihifadhi. Mkufunzi alimtazama miguu.

"Mwalimu, sasa breki utakanyaga na nini?"

"Na mkono," akamjibu, "kama wewe unavyopiga honi."

Walicheka, lakini hawakumsajili. Shule ya pili ilimkubali kwa masharti ya kuleta gari lake mwenyewe, maana yao yote yalikuwa ya klachi.

Vifaa vyenyewe si vya ajabu. Wenye miguu isiyo na nguvu hufungiwa mkono wa chuma kando ya usukani: ukiusukuma unashika breki, ukiuvuta gari linaongeza mwendo. Kwenye usukani hufungwa kirungu kidogo cha kuuzungusha kwa mkono mmoja. Aliyepoteza mguu wa kulia huwekewa pedali ya mafuta upande wa kushoto wa breki. Aliyepoteza wa kushoto hahitaji hata hicho. Gari la kawaida la otomatiki linamtosha, na magari mengi yanayoletwa nchini kutoka Japani ni ya namna hiyo. Ukitafakari, wale jamaa wa baiskeli za magurudumu matatu zinazokanyagwa kwa mikono wamekuwa wakituonyesha jambo hili mitaani kwa miaka mingi.

Tahadhari moja lakini. Usimpe fundi yeyote wa kuchomelea vyuma akutengenezee kifaa hiki kwa kukisia. Kikilegea ukiwa kwenye mteremko, breki imekwenda. Tena chuma kilichowekwa ovyo karibu na magoti kinaweza kukuumiza gari likigongana. Jirani yangu aliagiza chake kwa wenye kuvitengeneza, kikafungwa na kukaguliwa, ndipo mafunzo yakaanza. Anasema kugumu hakukuwa kuendesha, bali kufundisha mkono wa kushoto usisahau kazi yake wakati wa kulia unapiga kona. Ilimchukua majuma mengi kuliko wenzake waliokuwa wakisukuma vigari vya kuchezea kwenye ule ubao wa mji wa mfano. Leo hufika shuleni saa moja kasoro dakika kumi, na huwabeba walimu wenzake wawili.

Sheria zetu hazijamkataa. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kufikia mahali na usafiri. Leseni za nchini zina daraja la F walilotengewa watu wenye ulemavu, na sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina msamaha wa ushuru kwa gari lililotengenezwa kwa matumizi yao. Daraja lipo basi. Swali langu kwa wenye shule za udereva ni hili: gari la kufundishia liko wapi? Hata moja kwa kila mji mkubwa lingekuwa mwanzo.

Kuhusu wazee, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka anayeomba leseni atangaze kama ana ugonjwa au ulemavu unaoweza kuhatarisha wengine. Lakini mtu kama baba angetangaza nini, naye haoni kwamba haoni? Hapo ndipo wewe mwanawe unapoingia.

Kwa hiyo zunguka gari la mzazi wako na uhesabu mikwaruzo, uone iko upande gani. Ketini naye garini mara kwa mara, si Krismasi pekee. Je, anapotea kwenye njia anazozijua? Anakanyaga breki na mafuta kwa miguu miwili tofauti? Anapigiwa honi mara nyingi naye hajui kwa nini? Mwombe asome nambari ya gari lililo hatua 25 mbele yake mchana. Uingereza kila dereva hutakiwa aweze kuisoma kwa umbali wa mita 20. Akishindwa, anza na daktari wa macho. Huenda miwani mipya ikamaliza yote. Na ukizungumza naye, zungumza mkiwa wawili, si mbele ya wakazamwana. Tena uwe na jibu la nani atampeleka mama kliniki kabla hujaugusa ufunguo wake. Sisi tulielewana na kijana mmoja wa teksi pale mtaani, tukagawana gharama ndugu watatu.

Baba bado huliosha gari lake kila Jumamosi. Asubuhi husoma gazeti kwa namna aliyofunzwa: huchora mstari mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa, na kila msitari anapousoma ni lazima arudi mpaka auone ule mwekundu ndipo aanze. Mwezi wa kwanza alikuwa akilaani kwamba wahariri wanakata sentensi katikati.

Nikimrudisha nyumbani kutoka Nairobi, yeye huketi kushoto, mimi usukanini. Zoezi lake ni kunitajia kila kilicho upande wake. Safari ya kwanza tulipita Elementaita, ziwa lote limelala palepale dirishani pake, naye akanisimulia lori lililokuwa mbele yetu. Safari ya pili, vilevile. Mwezi jana, baada ya Gilgil, nilimwona akigeuza shingo taratibu, kama mtu anayefungua mlango mzito.

"Punda milia," akasema. "Wanne. La, watano." Kisha, baada ya kitambo: "Na ziwa."

Miadi yake ya kupimwa tena ni mwezi ujao. Ameshaanza kuuliza bei ya kioo cha pembeni.