Maji Kabla ya Hewa: Kufufua Kompresa Kuukuu kwa Usalama

Mtu apitaye mitaa ya miji yetu hakosi kuisikia kompresa, ile ambayo wengi huiita mashine ya upepo. Fundi wa pancha hujazia magurudumu kwayo, na mpaka rangi hunyunyizia rangi. Sehemu zake kuu ni tatu: mota, pampu inayogandamiza hewa, na tangi la chuma linaloihifadhi. Nyingi kati ya mashine hizi hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika, na mnunuzi huuliza swali moja tu: Je, inawaka? Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba hilo silo swali la kwanza.

Miaka michache iliyopita nilialikwa na shule moja ya sekondari kuitazama kompresa iliyonunuliwa kwa ajili ya karakana. Nilipofika, mota ilikuwa imekwisha kuunganishwa na umeme, na wanafunzi walikuwa wamelizunguka tangi wakingoja kuona mshale wa geji ukipanda. Niliomba swichi isiguswe. Mwalimu wa karakana, aliyenizidi umri, akaniuliza kwa upole: “Daktari, tutajuaje kama ni nzima pasipo kuiwasha?” Swali lake lilikuwa la haki, na jibu limo katika fizikia ya sekondari.

Mwaka 1662 Robert Boyle alichapisha kanuni ambayo kila mwanafunzi anaifahamu: halijoto isipobadilika, ujazo wa gesi hupungua kadiri kanieneo yake inavyoongezeka. Sasa tulichukue tangi la lita 200, ambalo geji yake inaonyesha kanieneo mara 8 ya ile ya angahewa, yaani karibu pauni 120 kwa kila inchi ya mraba. Kwa kuwa geji huanza kuhesabu kutoka kanieneo ya angahewa yenyewe, kanieneo kamili ndani ya tangi ni mara 9. Kwa hiyo tangi hilo limebeba hewa ambayo nje ingechukua lita 1,800. Ikiwa kifuniko cha mwisho wa tangi kina kipenyo cha sentimita 45, kinasukumwa kwa kani iliyo sawa na uzito wa tani 13.

Hewa iliyogandamizwa ni kama springi iliyobanwa. Tangi likipasuka, springi hiyo hufyatuka mara moja. Hesabu ya upanukaji wa ghafla inatupa nishati inayozidi jouli 130,000, ambayo ingetosha kuliinua gari la tani moja hadi kimo cha mita 13. Hebu sasa tulijaze tangi lilo hilo maji matupu kwa kanieneo ile ile. Maji hayagandamiziki kwa urahisi. Ujazo wake utapungua kwa mililita 80 hivi tu, na nishati itakayohifadhiwa ndani yake ni kama jouli 30. Hiyo ni kazi ya kuinua ndoo ya lita 10 kwa sentimita 30. Ndiyo sababu tangi hujaribiwa kwa maji kabla ya kutiwa hewa.

Lakini kwa nini tulishuku tangi ambalo kwa nje lilikuwa limepakwa rangi mpya? Kwa sababu adui wake yuko ndani. Katika hewa yenye joto la nyuzi 30 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 80, kama ilivyo mara nyingi katika pwani yetu, kila mita moja ya ujazo ina gramu 24 hivi za mvuke wa maji. Hewa hiyo ikigandamizwa mara 9 na kupoa, haiwezi tena kubeba zaidi ya gramu 3 na nusu. Gramu 20 zilizobaki hugeuka matone na kutuama chini ya tangi. Mwenye mashine asipoyafungulia maji hayo kila siku, kutu huila sakafu ya tangi kimyakimya.

Basi tuliichomoa mashine kwenye umeme, tukaitenga pampu, tukaondoa vali ya usalama na kuziba tundu lake. Tulilijaza tangi maji kupitia tundu la juu kabisa hadi hewa yote ikatoka, kwani hewa ikibaki hatari nayo inabaki. Kisha, mkaguzi wa vyombo vya kanieneo akisimamia, tuliongeza kanieneo polepole kwa pampu ya mkono. Kwa kawaida jaribio hufikishwa mara 1.3 hadi 1.5 ya kanieneo ya kazi, kwa kufuata kanuni zilizotumika kuliunda tangi. Hatukufika huko. Mshale ulikuwa bado haujaigusa kanieneo ya kazi pale mchirizi mwembamba wa maji uliporuka kutoka chini ya tangi. Mshale ukaanguka hadi sifuri. Sakafu ililowa, basi. Wanafunzi wengine walicheka, mwalimu hakucheka.

Alipendekeza tuchomelee kiraka. Mkaguzi alikataa, kwa kuwa chuma kilichoonyesha tundu moja kimekonda pande zote zinazolizunguka, na kiraka hakirudishi unene uliokwisha kuliwa. Tangi lilikatwa ili mtu mwingine asilitumie. Mota na pampu zilikuwa nzima. Zilisafishwa, zikabadilishiwa oili na mkanda, zikafungwa kwenye tangi jipya lenye cheti, vali mpya ya usalama na kinga ya mkanda. Vali hiyo haikazwi wala kuzibwa kamwe, hata ikipiga kelele, kwani kazi yake ni kupiga kelele kabla tangi halijapasuka.

Kwa walimu walio Tanzania, ukaguzi wa vyombo hivi ni miongoni mwa kazi za Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), na shule isione haya kuomba msaada. Mwalimu yule alihifadhi kipande cha sakafu ya tangi lile katika maabara. Kila anapofundisha Kanuni ya Boyle hukipitisha mkononi mwa wanafunzi, ili wauone mwanga wa dirisha ukipenya katika chuma ambacho siku ile walikuwa wamekizunguka.