Punje Zilizoungua

Kigombe ni mji wa wavuvi katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, kati ya Tanga na Pangani. Nyuma yake kuna minazi na mashamba ya mkonge. Mbele yake ni bahari, na ng'ambo ya bahari kisiwa cha Pemba. Mgeni aonaye mahindi na mhogo katika makonde ya nchi ile hudhani ya kuwa wenyeji wamekula vyakula hivyo tangu mwanzo. Sivyo. Asili ya mahindi ni Mexico, na asili ya mhogo ni Amerika ya Kusini. Vyote viwili vililetwa Afrika na Wareno, nao walianza kufika pwani hii mwaka 1498. Jina la mahindi lenyewe hudanganya, maana humfanya mtu afikiri Bara Hindi. Na mkonge ni mgeni wa juzi tu: uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf. Katika miche 1,000 aliyoiagiza kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyosalia hai.

Basi watu wa pwani ya kale walilima nini? Vitabu husema machache. Al-Masudi wa Baghdad, aliyesafiri bahari ya Zanji mwaka 916, aliandika ya kuwa watu wake hula ndizi, na chakula chao kikuu ni mtama. Lakini msafiri hutaja alichokiona njiani, kisha huenda zake. Habari zilizobaki zimo udongoni.

Hapo pana shida, kwa kuwa chakula huoza. Punje ianguKayo chini huliwa na panya au mchwa, au huota, au huharibiwa na mvua. Iko njia moja ya kuokoka, nayo ni ya ajabu: kuungua. Punje ikiteketea kabisa huwa majivu, imepotea. Lakini ikifunikwa na majivu ya moto, isipate hewa ya kutosha, hugeuka kaa jeusi. Umbo lake hubaki, wala mdudu hana haja nayo tena, ikakaa hivyo miaka elfu na zaidi. Mwanamke aliyekuwa akikausha nafaka juu ya moto, akaitwa nje kidogo, akarudi akakuta imeungua, bila shaka alisikitika. Hasara yake ya siku ile ndiyo faida ya wachunguzi wa leo.

Wachunguzi hao hutwaa udongo wa jiko la kale au wa jalala, wakautia katika pipa la maji na kuukoroga taratibu. Mchanga na vigae huzama. Makaa na punje, kwa kuwa ni vyepesi, huelea. Hukingwa kwa chekeche nzuri sana, huanikwa kivulini zisije zikapasuka kwa jua, kisha hutazamwa kwa hadubini. Umri wake hupimwa kwa kaboni iliyomo, na punje moja yatosha.

Hadubini huonyesha pia kama nafaka ilikuwa ya mwitu au ya shamba. Nafaka ya mwitu ikiiva hupukutika yenyewe, maana ndiyo njia yake ya kujipanda. Watu wa zamani walipovuna, zilizopukutika zilibaki porini, na zilizoshikamana na suke zikafika nyumbani. Hizo ndizo walizozipanda. Vizazi vingi vikapita, ikatokea nafaka isiyoweza kuacha suke bila kupurwa. Ya mwitu huacha kovu laini mahali ilipoachana na shina. Ile iliyopurwa huacha kovu la kuchanika.

Kwa dalili kama hizo imejulikana ya kuwa Waafrika hawakungoja kufundishwa ukulima na wageni wa baharini. Mashariki ya Sudan, vigae vya vyungu vya miaka 5,000 hivi vina alama za mtama uliokwisha kuanza kubadilika hivyo. Uwele ulilimwa katika nchi iitwayo leo Mali miaka 4,500 hivi iliyopita, ukasambaa polepole kutoka mkono hata mkono. Huko Kakapel, magharibi ya Kenya, imepatikana kunde iliyoungua ya miaka 2,300.

Ng'ambo ya Kigombe, katika Pemba, ushahidi ni mzuri zaidi. Sarah Walshaw alichunguza mimea iliyoungua ya Tumbe, mji uliokaliwa tangu karne ya 7 hata ya 10, na ya Chwaka, mji uliofuata karibu yake. Tumbe mpunga ulikuwapo, lakini uwele ulikuwa mwingi zaidi. Chwaka, tangu karne ya 11, mambo yamegeuka: mpunga umeshika nafasi ya kwanza. Nao mpunga huo asili yake ni Asia, ulikuja kwa njia ya bahari.

Kwa nini watu wauache uwele, usiotaka mvua nyingi, wakashike mpunga wenye taabu? Si kwa njaa. Miji ilikuwa ikikua, misikiti ikijengwa, wageni wakija kwa biashara, na wali ukawa chakula cha karamu na heshima. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika sinia kubwa la mti.