Mwanajeshi mstaafu akikonda ghafla, usimpongeze

Je, una ndugu, baba au jirani aliyerudi kutoka vitani, pengine mmoja wa wanajeshi wetu walioingia Somalia mwaka wa 2011? Anapoota kitambi, wengi wetu husema maisha yamemwendea vyema. Kumbe huenda mambo ni kinyume.

Madaktari wa akili wa Marekani waliutambua rasmi ugonjwa wa kiwewe mwaka wa 1980, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kumalizika. Mgonjwa huandamwa na jinamizi, hushtuka mlango ukibamizwa na huepuka watu. Asipopata usingizi, njaa huzidi na mwili hutamani sukari na mafuta. Hatoki nje, na mazoezi ameyasahau. Isitoshe, baadhi ya dawa anazopewa kutuliza akili huongeza uzani. Ukitia pombe juu ya hayo, utaelewa ni kwa nini unene umeenea miongoni mwa wastaafu wa jeshi la Marekani.

Hata hivyo, usikimbilie kusema unene ndio unaowasukuma kujiua. Nchini Uswidi, watafiti waliwafuatilia wanaume zaidi ya milioni moja waliopimwa walipoitwa jeshini wakiwa vijana. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2006. Kwa mwanamume wa kimo cha mita 1.75, kila kilo 15 hivi za ziada ziliambatana na hatari ya kujiua iliyo chini kwa asilimia 15. Waliokonda ndio waliokuwa hatarini zaidi. (Hiyo si ruhusa ya kula chipsi kila jioni, kisukari hakina mzaha, na wanene nao hupatwa na huzuni.)

Mwaka wa 2022 pekee, wanajeshi wastaafu 6,407 walijiua Marekani. Kwa hivyo mtu wako akipoteza hamu ya chakula, suruali zikamlegea, kisha akaanza kugawa mali yake au kusema yeye ni mzigo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo akilini. Usimwache peke yake, ondoa silaha na sumu karibu naye, na umpeleke hospitali.

Woga wa polisi usikuzuie. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa hatia kinakiuka Katiba. Ukifika, mwambie daktari pia uzani aliokuwa nao miezi sita iliyopita, kwani mizani ya leo haitamwonyesha.