Mataifa Yaweka Chini Kitanzi: Sisi Je, Tutaweka Chini Mawe?

Siku ya mwisho ya mwaka 2024, watu walipokuwa wakijitayarisha kuupokea mwaka mpya, Rais Emmerson Mnangagwa wa Zimbabwe alitia sahihi sheria ya kufuta adhabu ya kifo nchini mwake. Wafungwa wapatao 60 waliokuwa wakingoja kunyongwa wakapata kurudishwa mbele ya majaji, wapewe adhabu nyingine. Sheria hiyo imeacha mlango mmoja wazi: yaweza kurudishwa wakati wa hali ya hatari. Lakini kwa siku za kawaida, kitanzi kimekwisha Zimbabwe.

Rais huyo anakijua kitanzi kuliko wengi wetu. Katika miaka ya 1960, serikali ya walowezi wa Rhodesia ilimhukumu kifo kwa kosa la kulipua kichwa cha gari moshi. Aliponea chupuchupu kwa sababu ya umri wake mdogo. Laiti hukumu ile ingalitimizwa, asingalikuwapo wa kutia sahihi sheria hii.

Zimbabwe si ya kwanza. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliikataa adhabu hiyo mwaka 1995. Rwanda, nchi iliyoona mauaji ya kutisha mwaka 1994, iliifuta mwaka 2007. Burundi ikafuata mwaka 2009. Sierra Leone iliifuta mwaka 2021, na Zambia mwaka 2022. Hebu tuitazame Rwanda. Kama kuna nchi ambayo watu wake wangeweza kusema, "Damu kwa damu," ni hiyo. Tena ile Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha kuwahukumu wakuu wa mauaji yale haikuwa na ruhusa ya kumwua mtu hata mmoja. Adhabu yake kubwa ilikuwa kifungo cha maisha.

Basi msomaji atauliza: Kwa nini? Je, watawala hawa wamewahurumia wauaji na kuwasahau waliouawa? Sivyo. Sababu ziko kadhaa, lakini iliyo nzito kupita zote ni hii: binadamu hukosea, na aliyekufa harudi.

HABARI YA TIMOTHY EVANS

Mwaka 1950 huko London, Uingereza, alinyongwa kijana wa miaka 25 aitwaye Timothy Evans, dereva wa gari la mizigo, aliyelelewa katika dini yetu ya Kikatoliki. Mkewe na mtoto wao mchanga wa kike walikutwa wameuawa. Evans alisema mwuaji ni jirani yao wa nyumba ile ile, John Christie. Nani angemsadiki? Christie alikuwa mtu mzima, tena aliwahi kuwa askari wa akiba wakati wa vita. Alisimama mahakamani akamshuhudia Evans vibaya, na wazee wa baraza wakamsadiki yeye.

Miaka mitatu baadaye, maiti za wanawake kadhaa ziligunduliwa katika makao ya Christie. Alipobanwa alikiri kwamba ndiye aliyemwua hata mke wa Evans. Naye akanyongwa mwaka 1953. Mwaka 1966 Serikali ya Uingereza ilimpa Evans msamaha. Lakini msamaha utamfaa nini aliye kaburini? Waliloweza kumfanyia ni kuyatoa mabaki yake katika ardhi ya gereza na kumzika upya katika makaburi ya Wakatoliki. Waingereza walisimamisha kunyonga wauaji mwaka 1965, na mwaka 1969 wakaacha kabisa.

MIAKA ARUBAINI NA MINANE KIFUNGONI

Huenda mtu akasema, "Hayo ni ya zamani. Siku hizi polisi wana vyombo." Basi na asikie habari hii ya Japani, ambayo imekwisha mwaka 2024 tu.

Iwao Hakamada alikuwa mpiga ngumi wa zamani, akifanya kazi katika kiwanda cha kutengeneza kiungo cha soya. Mwaka 1966 mkubwa mmoja wa kiwanda hicho, mkewe na watoto wao wawili waliuawa, na nyumba yao ikachomwa moto. Polisi wakamkamata Hakamada. Walimhoji siku baada ya siku, saa nyingi kila siku, kwa muda wa majuma karibu matatu, hata akakiri. Alipofika mahakamani aliyakana maneno hayo. Zaidi ya mwaka mmoja baada ya mauaji, nguo zenye damu "zilipatikana" ndani ya pipa kubwa la kiwanda, na ikasemwa kuwa ni zake. Alipojaribishwa suruali ile, haikumwenea. Hata hivyo, mwaka 1968 alihukumiwa kufa.

Huko Japani mtu aliyehukumiwa kifo haambiwi siku yake. Huambiwa asubuhi ile ile ya kufa. Kila kulipokucha Hakamada alisikiliza nyayo za walinzi: je, leo watasimama mlangoni pangu? Aliishi hivyo miaka mingi, na akili yake ikapatwa na ugonjwa. Katika giza lile aliitafuta nuru ya Kristo: mkesha wa Noeli mwaka 1984 alibatizwa humo kifungoni.

Dada yake, Hideko, hakumwacha. Alikwenda gerezani, alikwenda kwa mawakili, alikwenda mahakamani, mwaka hata mwaka. Mmoja wa majaji watatu waliomhukumu alitoka hadharani mwaka 2007 akasema kwamba tangu mwanzo moyo wake haukusadiki kuwa Hakamada ana hatia, ila wenzake wawili walimshinda. Mwaka 2014, baada ya damu ya nguo zile kupimwa kwa njia za kisasa na kuonekana si yake, alitolewa. Alikuwa amefungwa miaka 48. Mwaka 2019, Baba Mtakatifu Fransisko alipoadhimisha Misa Takatifu mjini Tokyo, mzee huyu alikuwa miongoni mwa waamini. Na Septemba 2024 mahakama ilitamka kwamba hana hatia, na kwamba ushahidi ulikuwa umetungwa. Alikuwa na umri wa miaka 88. Dada yake 91. Mkuu wa polisi wa jimbo lile akaenda nyumbani kwao akainama mbele yao akaomba radhi.

Kama angalinyongwa, radhi hiyo ingaliombwa kwa nani?

Wala si Japani peke yake. Huko Marekani, tangu mwaka 1973, watu zaidi ya 190 waliokwisha kuhukumiwa kifo wameonekana baadaye kuwa hawana hatia, wakafunguliwa.

MAFUNDISHO YA KANISA

Zamani Kanisa halikukataza kabisa serikali kumwua mhalifu, ikiwa hapakuwa na njia nyingine ya kuwalinda watu. Lakini Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1995 juu ya uhai, alifundisha kwamba siku hizi, kwa kuwa magereza yaweza kumzuia mwovu asidhuru tena, haja hiyo ni adimu sana, kama ipo. Mwaka 2018 Baba Mtakatifu Fransisko aliamuru Katekisimu iandikwe upya mahali hapo: adhabu ya kifo haikubaliki, kwa sababu heshima ya mtu haimtoki hata akitenda kosa kubwa kabisa.

Hilo si kusema mwuaji aachiliwe. Afungwe, hata maisha yake yote ikibidi, na wenye msiba watendewe haki. Lakini aachiwe nafasi ya kutubu. Kaini alimwua ndugu yake wa tumbo moja. Mungu alimwadhibu, ila alimtia alama ili asiuawe na mtu yeyote.

NCHI ZETU ZIMEFIKA WAPI?

Mwendo huu haukunyooka. Mwezi wa Machi 2024 Serikali ya Kongo ya Kinshasa iliondoa zuio la kuwaua waliohukumiwa kifo, ambalo lilikuwa limedumu tangu mwaka 2003. Ilitaja vita vya mashariki na ujambazi wa mijini. Maaskofu wa huko waliipinga hatua hiyo.

Nchini Uganda, Mahakama Kuu kuliko zote iliamua mwaka 2009 kwamba jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo. Ile ya Kenya iliamua vivyo hivyo mwaka 2017. Jaji apime kwanza: mtu huyu ni nani, kosa lilitendekaje. Kenya haijanyonga mtu tangu mwaka 1987. Tanzania nayo haijanyonga tangu miaka ya 1990, na mwaka 2017 Rais Magufuli alisema mbele ya watu kwamba hataki kupelekewa majina ya watu wa kunyongwa. Lakini katika vitabu vya sheria vya Tanzania, mtu mzima akionekana na hatia ya kuua kwa kukusudia, jaji hana hiari: hutamka kifo. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Arusha, iliiambia Tanzania kwamba sharti hilo lavunja haki ya kuishi.

KITANZI CHETU SISI

Sasa, ndugu msomaji, tuje nyumbani. Wakuu wa nchi wanaogopa kutia sahihi. Majaji wanaogopa kukosea. Ni nani asiyeogopa? Ni kundi la watu sokoni mtu mmoja anapopiga kelele, "Mwizi!"

Hapo haulizwi mtu kitu. Hakuna mshitaki wala wakili, hakuna shahidi wala rufani. Mmoja anatupa jiwe, wa pili analeta fimbo, wa tatu anakuja na tairi na petroli. Na watoto wanatazama. Kesho yake husikika kwamba marehemu alikuwa mgeni aliyepotea njia, au mtu aliyedai deni lake, au mgonjwa wa akili. Au alikuwa mwizi kweli, wa kuku wawili. Na wale akina bibi wanaouawa kwa panga kwa sababu macho yao ni mekundu, nani amewasomea mashitaka? Macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizowapikia watoto wao miaka hamsini.

Ikiwa mahakama yenye majaji watatu na vitabu vyote vya sheria ilimkosea Hakamada, na kosa likakaa miaka 56 kabla ya kusahihishwa, je, kundi lenye hasira litaipata kweli kwa dakika tano?

Najua watu wanavyojibu. Husema: "Kituo cha polisi kiko mbali. Tukimpeleka mwizi, kesho twamwona barabarani anatucheka." Neno hilo lina uchungu wake, tusilidharau. Mahali pengine rushwa imekula haki, na mwenye kula rushwa hiyo atajibu mbele ya Mungu. Lakini yafaa tujue mambo mawili. La kwanza, mtu kutolewa kwa dhamana si kuachiwa: kesi yake ingali ipo, naye sharti arudi siku aliyoambiwa. La pili, kesi nyingi hufa kwa sababu yetu wenyewe. Tulioona kwa macho hatuendi kutoa ushahidi: leo tuna kilimo, kesho tuna arusi, kesho kutwa tumeogopa. Hakimu atamfunga mtu kwa neno la nani?

NINI KIFANYIKE

Mkimkamata mtu katika kosa, mzuieni bila kumpiga. Mwiteni mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Huko Kenya, chifu. Mpelekeni polisi bila kukawia. Polisi nao wamefungwa na sheria: Tanzania na Kenya, aliyekamatwa apaswa kufikishwa mahakamani bila kuchelewa; huko Kenya, katika muda wa saa 24, au siku ya kwanza ya kazi kama mahakama imefungwa. Yasipofanyika hayo, jamaa zake wana haki ya kuuliza kwa adabu, na kwenda kwa mkubwa wa kituo. Wenye mali iliyoibwa waandikishe maelezo, nao mashahidi wafike siku ya kesi.

Tena wazazi waambieni vijana wenu neno hili waziwazi. Kumwua mwizi ni kuua. Wengi wakishirikiana kwa nia moja, sheria haiulizi jiwe la nani ndilo lililomaliza. Wote waweza kushitakiwa kwa mauaji. Kijana aliyekwenda sokoni kununua chumvi, akarusha jiwe moja tu kwa kufuata wenzake, aweza kujikuta mbele ya jaji asiye na hiari, akisikia jina lake likitamkwa pamoja na neno kitanzi. Hasira, hasara.

Na kwetu sisi wabatizwa lipo jambo kubwa zaidi. Bwana wetu mwenyewe alihukumiwa kwa kelele za watu wengi. Pilato aliona kwamba hana kosa, lakini kelele zikamshinda. Na yule mwanamke aliyeletwa mbele ya Yesu ili apigwe mawe hakuokolewa na askari. Aliokoka kwa sababu wale watu, mmoja mmoja, wakianza na wazee, walidondosha mawe yao wakaenda zao. Kelele zikisikika kijijini mwako, wewe uliye mzee, uliye mama, uliye katekista au kiongozi wa jumuiya, toka nje usimame katikati. Yaelekea mtu mmoja akisema, "Ngojeni, tumwite mwenyekiti," atapatikana wa pili wa kumwunga mkono.