Uvira: Redio, GPS na bateri, vitu vidogo vinavyoweza kuokoa wasafiri wa ziwa Tanganyika

Mfanyabiashara wa Sange anayepeleka mchele Kalemie anajua bei ya gunia, bei ya gari mpaka Uvira na bei ya boti kwenye bandari ya Kalundu. Kuna swali moja ambalo mara nyingi haulizi: motere ikizimika usiku katikati ya ziwa, nahodha ataita nani, na kwa chombo gani?

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita karibu 670, na kina chake kinafika mita 1 470. Kutoka Uvira mpaka Kalemie ni zaidi ya kilomita 250, na sehemu kubwa ya safari inaweza kufanyika katika giza. Desemba 2014, boti MV Mutambala ilizama upande wa Katanga na watu zaidi ya 120 walikufa. Wakuu wa serkali walitaja upepo mkali na mzigo kupita kiasi.

Tangu zamani, wasafiri wa ziwa wanategemea macho ya nahodha, nyota na taa za pwani. Leo kuna vyombo vya elektroniki vinavyoweza kusaidia, na vingine vinaingia katika mfuko wa koti. Lakini kila chombo kina kazi yake na mpaka wake.

Simu haitoshi

Wasafiri wengi wanaona kwamba simu ya mkononi inatosha. Karibu na pwani, ni kweli inasaidia. Lakini simu inategemea mnara ulio inchi kavu. Boti ikienda mbali, ao ikipita nyuma ya mlima, mtandao unakatika. Wakati mwingine simu inakamata mtandao wa Burundi ao wa Tanzania, na vocha ya Congo haifanyi kazi tena. Tena, simu inayotafuta mtandao kwa nguvu inamaliza bateri yake haraka.

Zaidi ya hayo, simu inaita mtu mmoja tu. Kama amelala, hakuna mwingine anayejua. Redio ya VHF ya boti inafanya kazi kwa njia nyingine: anayesema kwenye chaneli ya 16, ambayo duniani kote imetengwa kwa mwito wa hatari, anasikiwa na kila redio iliyo karibu na iliyofunguliwa kwenye chaneli hiyo.

Mpaka wa VHF ni kwamba mawimbi yake yanakwenda karibu moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Redio mbili za mkononi ndani ya boti mbili zinasikilizana kwa kilomita chache tu. Lakini antena ikiwekwa juu, sauti inafika mbali zaidi. Kwa jambo hilo, milima ya Mitumba iliyo juu ya Uvira ni mali: antena moja kwenye mteremko wake inaweza kusikia sehemu kubwa ya ziwa kuliko antena iliyo bandarini.

GPS inakuonyesha ulipo, haiiti msaada

Wengi wanachanganya GPS na simu. GPS inapokea tu. Inasikiliza satelaiti zinazozunguka dunia kwa urefu wa kilomita karibu 20 000, na ikipata angalau nne inahesabu mahali ulipo. Haihitaji vocha wala mtandao. Kwa hiyo hata simu isiyo na mtandao inaweza kuonyesha tarakimu za mahali boti ilipo.

Faida yake inaonekana pale nahodha anaposoma tarakimu hizo kwenye redio. Kusema "tuko kati ya Baraka na Kalemie" ni kumtuma muokoaji atafute usiku kucha. Kusoma tarakimu ni kumpeleka karibu kabisa na boti.

Lakini GPS nayo inaweza kudanganywa. Katika ripoti ya mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba ishara za GPS zilivurugwa katika Kivu ya Kaskazini, jambo lililohatarisha ndege. Kwa sababu hiyo, dira ya zamani yenye sindano haipaswi kutupwa.

Kuna pia chombo kinachojiita chenyewe: kipaza ishara cha hatari cha megahezi 406. Kikiwashwa, ao kikigusa maji kwa aina fulani, kinatuma ishara kwa satelaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, ulioanza kuokoa watu tangu 1982. Cha boti kinapaswa kutuma kwa saa 48. Ndege nazo zinabeba cha namna hiyo.

Maji, motere na bateri

Kinachoua vyombo hivi mara nyingi ni mambo madogo. Maji ya ziwa yakiingia ndani, shaba inaota kutu ya kijani na umeme haupiti vizuri. Motere inatetemesha boti saa nzima, mpaka risasi iliyounganisha vipande inapasuka. Umeme wa motere unapanda na kushuka, unaunguza kipande ambacho hakina kinga. Na bateri iliyokaa mwaka mzima bila kuangaliwa inaweza kufa siku ile inapohitajika.

Kwa sehemu kubwa, kazi hii inafanana na ile ya fundi wa simu wa Sange, anayekausha ubao, kusafisha kutu na kuunganisha tena kwa risasi. Redio ya boti si mashini ya ajabu kwake. Kinachohitajika ni fyuzi, waya uliofungwa vizuri, mfuko usioingiza maji, na bateri ya pekee isiyotegemea ile ya motere. Sola ndogo juu ya boti inatosha kuichaji.

Reli inafundisha jambo hilohilo. Mzigo unaofika Kalemie unaweza kuendelea kwa reli ya SNCC, njia iliyofika kwenye ziwa mwaka 1915. Ng'ambo, Tanzania ilianza mwaka 2024 kutembeza treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Kwenye reli hiyo mpya, mitambo inafuata treni njiani, na inaweza kufunga breki kama dereva amepita mahali pasiporuhusiwa. Mitambo hiyo nayo inategemea watu wanaoitengeneza kila siku.

Nani anasikiliza?

Redio ya nahodha haina faida kama upande wa pili hakuna mtu. Kwenye ziwa Victoria, inchi jirani zimejiunga katika mradi wa mawasiliano na uokoaji, na Mwanza imechaguliwa kuwa na kituo cha kuongoza kazi hiyo. Ziwa Tanganyika lina pia meza ya kuzungumzia: Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura, iliyotokana na mkataba ambao Congo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mwaka 2003. Mpaka sasa kazi yake kubwa ni kulinda mazingira. Usalama wa wasafiri ungestahili nafasi kwenye meza hiyo.

Wavuvi pia wasisahauliwe. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ndani ya ziwa Victoria huko Bukoba na watu 19 walikufa kati ya 43. Waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Redio moja kwa kila kikundi cha wavuvi ingewafanya masikio ya ziwa.

Na hakuna kifaa kinachopunguza mzigo. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka kwenye ziwa Kivu karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, mchana, mbele ya macho ya watu. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Hapo redio haingesaidia. Jile ya kuokoa maisha na mtu wa kukataza boti kuondoka ndivyo vingesaidia.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa kwenye bandari ya Kalundu, msafiri kutoka Sange anaweza kuuliza maswali manne: Redio iko? Bateri imejaa? Jile zinatosha watu wote? Na nani pwani anajua saa tunayopaswa kufika? Boti isiyofika kwa saa yake itatafutwa tu kama kuna mtu aliyekuwa anaingojea.