Diski ya breki: imelika, imechimbika au imepinda?

«Diski imekwisha, ichongwe.» Kauli hii husikika katika karakana za pikipiki, na kisarufi haina dosari. Dosari yake imo katika maana: kilichokwisha hakina cha kuchongwa. Anayelipia mkanganyiko huo ni mwendeshaji anayeshika breki mteremkoni akiwa na abiria nyuma.

Tuanze na vitenzi vitatu vinavyoeleza hali ya diski. Kulika ni kauli ya kutendeka ya kitenzi kula: pedi huila diski kidogo kidogo hadi unene wake upungue. Kuchimbika ni kupata michirizi usoni, aghalabu baada ya pedi kwisha na chuma chake kugusa diski, au mchanga kunaswa kati yake. Kupinda ni kuacha kuzunguka katika mstari mmoja, na dalili yake ni leva ya breki kupigapiga vidoleni.

Kila hali ina kipimo chake. Unene hupimwa kwa maikromita, katika sehemu kadhaa za uso unaoguswa na pedi. Tusipime ukingoni: pedi haifiki huko, hivyo hubaki ukuta mdogo wenye unene wa zamani, na kipimo hudanganya. Kisha tulinganishe na ukomo uliochongwa kwenye diski yenyewe baada ya herufi MIN TH. Kupinda hupimwa kwa saa ya kupimia. Katika pikipiki nyingi ukomo ni takriban milimita 0.3. Kabla ya kuihukumu diski, ifunguliwe na habu isafishwe, kwa kuwa kutu au uchafu kati yake na diski huweza kuifanya iyumbe kana kwamba imepinda.

Sasa vitenzi vya matengenezo. Kuchonga, au kwa usahihi zaidi kukereza pale kazi inapofanywa kwa mashine ya kerezo, ni kuondoa chuma ili uso usawazike. Hapa ndipo penye kiini cha jambo: kulika na kuchonga ni vitenzi vya upande mmoja. Vyote viwili hupunguza. Tofauti ni kwamba katika kwanza mlaji ni pedi, na katika pili ni fundi. Kuchonga hakuwezi kuponya kulika.

Chukua mfano wa diski iliyokuwa na milimita 4.0 ilipokuwa mpya, yenye ukomo wa 3.5. Leo ina 3.7, na michirizi ina kina cha milimita 0.15 kila upande. Kuifuta michirizi hiyo ni kuondoa milimita 0.3, zitabaki 3.4. Diski itang'aa kama mpya, ilhali imevuka ukomo: itapata joto upesi, itapinda kwa urahisi na huenda ikapasuka.

Kwa hiyo, iliyofika ukomo au yenye ufa hubadilishwa bila mjadala. Iliyochimbika au kupinda kidogo huweza kuchongwa endapo tu hesabu inaacha unene wa kutosha juu ya ukomo, na mtengenezaji hakukataza. Kwa kuwa diski za pikipiki ni nyembamba tangu zikiwa mpya, hesabu hiyo mara nyingi huelekea kwenye kubadilisha. Kwa vyovyote, pedi nazo zibadilishwe, maana za zamani zimekwisha kufuata umbo la uso wa awali.

Matumizi yanayopendekezwa: badala ya «diski imekwisha», sema «diski imelika hadi milimita 3.4, ibadilishwe», au «imechimbika lakini ina 4.4 na ukomo ni 4.0, ikerezwe». Kitenzi kitaje hali, tarakimu itaje kiasi, na uamuzi ufuate baada ya hapo.