Vumbi Laua Trekta Kuukuu

Massey Ferguson 35, trekta iliyoundwa Coventry, Uingereza, hadi 1964, bado yaweza kulima vizuri. Adui yake ni vumbi. Chujio lake la hewa lina bakuli la oili linalonasa vumbi hilo. Ukilima shamba kavu, zima injini ulifungue kila siku. Mwaga oili chafu, kwangua tope lililoganda chini, osha kwa dizeli, pangusa, kisha tia oili safi ya injini mpaka kwenye alama. Usipitishe! Ikizidi, injini ya dizeli huivuta na kuichoma, nayo yaweza kwenda mbio isizimike.

Tazama na mpira wa hewa. Ukipasuka, vumbi hupita bila kuchujwa, likala ringi na silinda. Usiufunge kwa kamba, bwana, nunua mwingine.